Bwana Raiffeisen, Mtu Aliyewaamini Wasioaminiwa



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu Kikuu mtakuta hesabu za mazao, habari za maghala na majina ya wale waliotangulia kuianza kazi hii. Hayo yote yastahili kuandikwa. Lakini tumeona yafaa tutoe kurasa chache kwa habari za mtu ambaye hakupata kuiona nchi yetu, wala hakujua kwamba kuna mahali paitwapo Kibakwe, na hata hivyo mawazo yake yamo katika kila daftari la mikopo la chama cha wakulima. Mtu huyo ni Bwana Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani.

Hatuandiki habari zake kwa kutaka kumsifu tu. Liko swali linaloulizwa barazani kwetu, na kila liulizwapo hukata kikao nusu kwa nusu. Swali lenyewe ni hili: je, fedha ya ushirika yaweza kukopeshwa karakana au kikundi kinachowapa kazi watu wasiopewa kazi na mtu mwingine yeyote, kama vile kipofu, kiziwi, aliyekatwa mguu, aliyetoka gerezani, au kijana asiye na mzazi wala shamba? Wengine husema ndiyo, maana ushirika ni kusaidiana. Wengine husema hapana, maana fedha ile ni jasho la mkulima, nayo si sadaka. Bwana Raiffeisen alikutana na swali hilohilo zaidi ya miaka 170 iliyopita. Kwa hiyo tumwendee kwanza yeye, kisha turudi kwetu.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, mtoto wa saba katika watoto tisa. Nchi ile ya milima, iitwayo Westerwald, ilikuwa maskini. Baridi yake kali, udongo wake haba, na mashamba yake yalikuwa madogo kwa sababu ya kugawanywa kila mara baina ya warithi. Baba yake alitoweka mapema katika malezi yake, na mzigo wa nyumba ukamwangukia mama. Hapakuwa na fedha ya kumpeleka shule kubwa, basi mchungaji wa kanisa la pale, ambaye alikuwa baba yake wa ubatizo, akamfundisha kwa muda wa miaka michache. 

Alipotimiza miaka 17 aliingia katika jeshi la mizinga, akitumaini kupanda cheo. Lakini akashikwa na ugonjwa wa macho, na mwaka 1843 ikambidi aliache jeshi. Twamwomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana litarudi tena. Mtu ambaye jina lake limeenea ulimwenguni kwa kuwafungulia wengine mlango wa riziki, yeye mwenyewe alifungiwa mlango akiwa kijana wa miaka 25, kwa sababu ya mwili wake.

Akaingia kazi ya serikali, na mwaka 1845 akawekwa kuwa mkuu wa vijiji vya Weyerbusch. Cheo chake kwa lugha ya kwao ni meya, lakini kwa kazi zake twaweza kukilinganisha na cha Katibu Tarafa wa kwetu: kusimamia njia, shule, kodi na amani ya vijiji. Mwaka huohuo akaoa.

NJAA YA 1846

Hakukaa sana kazini kabla ya kupatwa na mtihani. Viazi vilikuwa vimeingiwa na maradhi katika nchi nyingi za Ulaya, na mavuno ya nafaka ya mwaka 1846 yakawa mabaya. Wale waliosimuliwa na wazee wao habari za Mtunya, njaa iliyoila nchi ya Ugogo kati ya 1917 na 1920, hawahitaji kuelezwa jinsi majira ya namna hiyo yanavyokuwa. Bei ya chakula hupanda kila juma, mbegu huliwa, na mwenye chakula hugeuka kuwa bwana wa mwenye njaa.

Serikali ilitoa unga kutoka maghala yake, lakini kwa amri kwamba usitolewe ila kwa fedha taslimu. Sasa maskini angeitoa wapi fedha taslimu? Bwana Raiffeisen akaamua jambo la hatari kwa mtumishi wa serikali. Aliwakusanya wenyeji waliokuwa na uwezo, akaunda nao halmashauri, wakatoa fedha zao, na unga ukagawiwa wenye njaa kwa mkopo, walipe watakapovuna. Wakajenga na tanuri la kijiji la kuokea mikate, nayo ikauzwa kwa bei ya chini sana kuliko ya sokoni. Hivyo vijiji vya Weyerbusch vikaupita wakati ule mgumu.

Yafaa tuone hapa jambo moja. Hakugawa bure. Aliona kwamba mtu mwenye njaa leo si lazima awe mwombaji kesho. Aweza kuwa mdeni mwaminifu, akiaminiwa na kupewa muda.

NG'OMBE WA MKOPO

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, penye vijiji 33. Huko aliona adui mwingine, mbaya kuliko njaa kwa kuwa yeye hafiki kwa msimu mmoja na kwenda zake. Huyo ni riba. Mkulima asiye na ng'ombe alikwenda kwa mfanyabiashara, akapewa mmoja kwa deni. Alimlisha na kumtunza, lakini faida ikaenda kwa mwenye deni. Na msimu ukiwa mbaya, mfanyabiashara alimchukua ng'ombe, na mara nyingine shamba pia. Sisi wa wilaya ya Mpwapwa, ambao nchi yetu ni ya mifugo na jina lake limepewa hata aina ya ng'ombe waliozalishwa katika kituo cha utafiti cha hapa, tunafahamu thamani ya ng'ombe mmoja katika nyumba ya maskini. Tunafahamu pia yule mnunuzi anayekuja mwezi wa njaa kununua karanga na alizeti zingali shambani, kwa bei anayoitaka yeye.

Mwaka 1849 Bwana Raiffeisen alianzisha chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Watu wapatao 60 waliojiweza walikubali kuwa wadhamini kwa mali yao yote, na kwa dhamana hiyo chama kikapata fedha, kikanunua ng'ombe na kuwapa wakulima, nao wakalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano. Baadaye chama kikaanza kutoa na mikopo ya fedha.

CHAMA CHA HEDDESDORF

Sasa tunafika mahali ambapo habari zake zinagusa swali letu. Mwaka 1852 alihamia Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied kwenye mto Rhine, na mwaka 1854 akaanzisha huko chama cha hisani. Katika makusudi ya chama kile, kuwanunulia maskini ng'ombe na kuwakopesha fedha yalikuwamo, lakini hayakuwa peke yake. Yalikuwamo pia kuwatunza na kuwalea watoto walioachwa bila uangalizi, na kuwapatia kazi watu waliohesabiwa kuwa wavivu, na wafungwa waliokwisha kutoka gerezani.

Twaomba jambo hili lisipitwe haraka. Katika mzizi wa vyama vya mikopo vya wakulima, ambavyo leo vimeenea duniani, yumo mfungwa aliyemaliza kifungo chake na kukosa mahali pa kushika jembe. Bwana Raiffeisen alikwisha kufahamu kwamba mtu wa namna hiyo, akinyimwa kazi na kila mtu, mlango mmoja tu humbakia wazi, nao ni ule alioutokea. Aliona pia kwamba kumpa chakula hakutoshi, maana chakula huisha jioni, na kesho yake yuko palepale.

Je, kazi hiyo ilistawi? Hapa hapana budi tuseme kweli, ingawa tungependa kusema vinginevyo. Haikudumu. Chama kile kilitegemea moyo wa matajiri wachache, ambao walitoa fedha na dhamana kwa ajili ya wengine, wala wao wenyewe hawakuwa na haja ya mkopo. Miaka ilivyopita, moyo ukachoka. Waliokopeshwa nao hawakuwa wanachama. Hawakuwa na sauti katika chama wala hawakubeba sehemu ya mzigo wake, kwa hiyo hawakukiona kuwa chao. Kazi za watoto na za wafungwa zikaachwa, na ikabaki kazi ya mikopo peke yake.

Ndipo Bwana Raiffeisen, baada ya kusitasita sana, alipobadili njia. Mwaka 1862 chama cha mikopo kiliundwa katika kijiji cha Anhausen, na mwaka 1864 kile cha Heddesdorf kikageuzwa kufuata mtindo mpya. Mtindo wenyewe ulikuwa huu: akopaye lazima awe mwanachama; wanachama wote wadhaminiane; chama kikae katika eneo dogo ambamo watu wanajuana tabia; viongozi wasipokee mshahara, isipokuwa mtunza hesabu; mkopo uwe wa muda unaolingana na kazi ya shamba; na faida isigawanywe, bali iwekwe katika akiba isiyogawanyika, iwe mali ya vizazi vyote.

Mtindo huo ulikuwa na nguvu, nao umeshinda. Lakini tukiusoma kwa haki twaona kwamba katika kushinda kwake kuna watu walioachwa nje. Chama kilipokuwa imara, mfungwa na mtoto yatima hawakutajwa tena katika makusudi yake.

ALIYEPOTEZA MACHO

Miaka ileile ilikuwa ya huzuni nyumbani kwake. Watoto wake watatu walikufa wakingali wadogo, na mwaka 1863 mkewe naye akafariki. Macho yake yakazidi kufifia, na afya ikavunjika. Mwaka 1865 alistaafishwa, akiwa na miaka 47, kwa malipo madogo yasiyotosha kuwalea watoto. Akajaribu kiwanda kidogo cha sigara, kisha biashara ya mvinyo, ili nyumba ipate kula.

Wengi wangesema kwamba mtu huyo amekwisha. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa mbele. Mwaka 1866, baada ya kutolewa kazini kwa sababu ya macho na afya, alichapisha kitabu chake juu ya vyama vya mikopo, ambacho kilisomwa katika nchi nyingi. Binti yake Amalie alikuwa macho yake na mkono wake. Baba alisema, binti akaandika. Barua zikaja, binti akasoma. Kwa njia hiyo kipofu huyo, au karibu kipofu, akawaongoza watu kuunda vyama katika vijiji vingi, na mwaka 1872 akaanzisha benki ya kwanza ya kuviunganisha vyama vya vijijini, ili kijiji chenye akiba kikisaidie kijiji chenye haja. Hicho ndicho chanzo cha wazo la chama kikuu.

Hakukosa wapinzani. Bwana Hermann Schulze-Delitzsch, aliyekuwa mwanzilishi wa vyama vya mikopo vya mafundi wa mijini, alimpinga kwa nguvu, akisema kwamba ni hatari kukopesha kwa miaka mingi fedha ya amana ambayo mwenyewe aweza kuidai wakati wowote. Onyo hilo lilikuwa na kweli ndani yake, na mpaka leo kila mweka hazina hulijua.

Hakukosa na kasoro pia. Katika kuwalaumu watoza riba, aliwahi kuwalaumu Wayahudi kwa jumla, kana kwamba dhambi ya mfanyabiashara mmoja ni ya kabila zima. Hilo hatuliigi. Mtu aliyefundisha kwamba kila jirani apimwe kwa tabia yake mwenyewe alilisahau fundisho lake hapo.

Alifariki tarehe 11 Machi 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Wakati huo vyama vilivyofuata mtindo wake vilikuwa vimezidi 400.

JINSI MAWAZO YAKE YALIVYOTUFIKIA

Ni jambo la kustaajabisha kwamba katika miaka ya mwisho ya maisha yake Wajerumani wengine walikuwa wamekwisha kufika katika nchi yetu hii, lakini kwa sura nyingine. Carl Peters alipita Usagara mwishoni mwa 1884 akikusanya mikataba ya kuitwaa nchi. Mawazo ya Bwana Raiffeisen hayakuja kwa njia hiyo. Yalizunguka mbali: Waingereza waliyachunguza kwa ajili ya wakulima wa India, wakatunga sheria ya vyama vya mikopo huko mwaka 1904, na mfano wa sheria hiyo ukaenea katika makoloni yao. Tanganyika ilipata sheria yake ya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu.

Nasi tumejifunza kwa uchungu kwamba chama kisicho mikononi mwa wanachama hakina mizizi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na sheria ya kuvirudisha haikutungwa mpaka 1982. Mambo aliyoyaona Bwana Raiffeisen Heddesdorf, kwamba kitu cha kupewa hakidumu kama kitu cha mwenyewe, sisi tuliyaona hapa.

FUNZO KWETU

Basi turudi kwenye swali la barazani. Wanaosema kwamba fedha ya mkulima si sadaka wanasema kweli, na historia ya Heddesdorf yawashuhudia. Lakini wanaosema kwamba kipofu na aliyetoka gerezani wana haki ya kuaminiwa nao wanasema kweli, na maisha ya mwanzilishi mwenyewe yawashuhudia. Kosa ni kudhani kwamba hapana njia ya tatu.

Mifano haiko mbali. Buigiri, katika mkoa wetu huu wa Dodoma, kuna shule ya wasioona tangu mwaka 1950, na waliosoma hapo wamethibitisha kwamba asiyeona aweza kufundishika kama mwingine. Iringa, ng'ambo ya Mtera, karakana ya Neema ilianza mwaka 2003 kwa kuwapa kazi vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi, ikakua hata ikawapa kazi watu wengi wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba walau watatu katika kila mia ni watu wenye ulemavu. Na tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri za wilaya kutenga sehemu ya kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarudishwa. Kusimama huko nako ni funzo: fedha njema isiyo na msimamizi mwema hupotea.

Kwa hiyo sisi tunaoandika twatoa shauri letu kwa Mkutano Mkuu, nao ndio wenye kuamua. Kwanza, mkopo wa namna hii usitoke katika fedha ya kununulia mazao wala katika amana za wanachama, bali katika mfuko mdogo utakaotengwa kwenye ziada kwa kura ya wanachama wenyewe, ili hata ukipotea, mkulima asikose malipo yake. Pili, kikundi kikopeshwe kwa kazi ijulikanayo, kama vile kushona magunia, kukamua alizeti, kutengeneza zana au kufuga kuku. Na majirani wa kijiji, si ofisi ya mbali, ndio watoe ushuhuda wa tabia. Tatu, muda wa kulipa ufuate kazi yenyewe; tusimdai fundi kabla hajauza. Nne, na hili ndilo kubwa, wanaofanya kazi katika kikundi wawe wanachama, wawe na kura na wabebe dhamana. Asiwepo mtu wa kusaidiwa daima.

Hatuahidi kwamba mikopo yote italipwa. Hata ya wenye mashamba na macho mazima hailipwi yote. Wala hatuwezi kusema kwamba Bwana Raiffeisen alikwisha kuthibitisha jambo hili, kwa maana sehemu hiyo ya kazi yake aliiacha njiani. Alituachia chombo kizuri, na pamoja nacho akatuachia deni. Vyama vilivyomfuata vimeutumia ule mtindo wa 1864 kwa faida kubwa. Lakini makusudi yale ya 1854, ya kumpa kazi asiyepewa kazi, yangali yanangoja.

Miaka 10 ya kwanza tumeitumia kujifunza kutunza hesabu, kujenga maghala na kuaminiana sisi kwa sisi. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Katika miaka 10 ijayo na tujifunze kumwamini yule asiyeaminiwa, kwa kipimo na kwa daftari. Atakayesoma kitabu cha ukumbusho cha miaka 20, na akute humo, pamoja na hesabu za karanga na alizeti, hesabu ya wanachama waliokuwa wamefungiwa milango yote, wakafunguliwa mmoja na ushirika wa Kibakwe.